"Bonde" na "Usalama wa Maji": Istilahi Mbili Zinazohitaji Kupimwa Upya

Mkataba wa ushirikiano wa nchi za Bonde la Mto Nile ulifunguliwa kutiwa saini mjini Entebbe tarehe 14 Mei 2010. Ulianza kuwa na nguvu ya sheria tarehe 13 Oktoba 2024 kwa nchi sita: Burundi, Ethiopia, Rwanda, Sudan Kusini, Tanzania na Uganda. Mfasiri atakayewaeleza wananchi mkataba huu kwa Kiswahili atakuta istilahi mbili zimekwisha kuzoeleka maofisini: bonde na usalama wa maji. Kwa maoni yetu, zikitumiwa bila uangalifu zitageuza wajibu uliokubaliwa.

Tuanze na bonde. Katika lugha ya kila siku, bonde ni nchi ya chini iliyo baina ya milima. Mkataba unakusudia eneo lote ambalo maji yake huteremkia mtoni, hata vileleni. Tutazame Mto Kagera. Maji yake hutoka Burundi kwa Mto Ruvubu na Rwanda kwa Mto Nyabarongo. Udongo unaosombwa na mvua vilimani huelekea Ziwa Victoria, na kwa njia ya mto huohuo magugu maji yalisukumwa kutoka Rwanda mpaka ziwani. Sasa mkulima wa Burundi, ambako hata kitengo cha chini cha utawala huitwa kilima, akisomewa kwamba nchi "zitahifadhi bonde", atadhani anayeambiwa ni jirani yake wa chini. Ofisa naye ataona kazi ya kupima na kuchunguza inaanzia ukingoni mwa mto.

Hata hivyo, neno bonde haliwezi kutupwa. Bodi za maji za mabonde nchini Tanzania hulitumia kwa maana pana. Linalotakiwa ni kulifafanua mwanzoni mwa kila andiko: "nchi yote ambayo maji yake huishia mtoni". Tena lisichanganywe na mfumo wa mto, yaani mto wenyewe pamoja na maji ya juu na ya chini ya ardhi yanayohusiana nao. Kifungu cha 2 kinatumia istilahi ya kwanza panapozungumzwa hifadhi ya mazingira na maendeleo, na ya pili panapozungumzwa matumizi ya maji. Mfasiri atakayeandika "bonde" kila mahali atafanya ionekane kana kwamba hata mvua inyeshayo shambani ni maji ya kugawana baina ya mataifa.

Istilahi ya pili ina hatari kubwa zaidi. Bwana afya asemapo "usalama wa maji", msikilizaji hufikiria kipindupindu na maji ya kuchemsha. Mkataba unasema jambo jingine: haki ya nchi zote za bonde kuyapata na kuyatumia maji kwa uhakika kwa ajili ya afya, kilimo, riziki, uzalishaji na mazingira. Kifungu cha 14(b) kinazitaka nchi zisiiathiri haki hiyo kwa kiasi kikubwa. Kikifasiriwa kwa neno usalama, nchi itakayoyapunguza maji huku ikiyaacha safi itaonekana haikukosea. Nacho ndicho kifungu kilichoshindikana: Misri na Sudan zilitaka kitaje pia matumizi na haki zilizopo sasa, nchi nyingine zikakataa, kikabaki katika kiambatisho. Mahali ambapo wajumbe walishindwa kupatana juu ya maneno machache, mfasiri hana ruhusa ya kulegea.

Tunapendekeza uhakika wa maji. Wananchi wenyewe husema "maji ya uhakika", na usalama wa maji ubakie kwa maji yasiyo na madhara kwa mnywaji. Huenda wengine wakasema kwamba uhakika hauna uzito wa "usalama wa taifa". Ni kweli, lakini ufafanuzi wa mkataba hautaji majeshi wala mipaka, bali unataja haki ya kuyapata maji.

Umoja wa Afrika uliikubali lugha hii kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022, na mikataba ya namna hii itazidi kutujia. Kabla ya kuipitisha istilahi, tumwulize mtu wa kilimani na mtu wa ufukoni mwa ziwa: umeelewa kuwa umeambiwa ufanye nini? Wakijibu mambo yanayopingana, kosa si lao.