Msuko Una Wenyewe

Mtalii afikapo Nassau, katika visiwa vya Bahama, huweza kumsukisha mwanawe nywele. Mtoto huketi, nywele hugawanywa mistari, husukwa, na ncha hutiwa shanga. Hapo hatuoni kosa: msusi amefanya kazi naye amelipwa. Tunalolikosoa ni jina.

Filamu ya Marekani iitwayo "10", ya mwaka 1979, ilimwonyesha Bo Derek, mwigizaji Mzungu, ufukweni Mexico akiwa amesukwa namna hiyo. Tangu hapo wengi waliuita mtindo huo kwa jina lake, kana kwamba ulizaliwa siku ile. Mwaka 1981 mahakama ya New York ililikataa dai la mwanamke mweusi aliyezuiwa na shirika la ndege lililomwajiri kusuka hivyo kazini. Na katika hukumu filamu hiyo ilitajwa kuwa ndiyo iliyoueneza mtindo. Kilichokuwa pambo kwa mgeni kikawa kosa kwa mwenyewe.

Sisi walimu wa Kiswahili tunayo maneno ya kujibu. Kitenzi kusuka hutumika kwa nywele, kwa mkeka na kwa kikapu. Kwa hiyo lugha imekwisha kuukiri ususi kuwa ni ufundi. Mistari iliyonyooshwa kuelekea kisogoni nayo ina jina lake, twende kilioni. Tuwafundishe wanafunzi majina hayo. Msusi aliyelipwa fedha, kisha kazi yake ikapewa jina la mtu mwingine, amepata nusu ya ujira.