Umeme wa Kata

Nikiamka alfajiri ndani ya gari, kabla sijatafuta kandambili, nanyoosha mkono nyuma ya kiti cha dereva na kubonyeza kitufe. Kioo kidogo kinawaka gizani: asilimia 58. Mke wangu, aliyejifunika khanga hadi puani, anauliza, "Kimeamka na ngapi?" Nikisema hamsini na nane, anageukia upande wa pili na kuendelea na usingizi wake. Nikisema ishirini na mbili, anajua kwamba samaki waliomo kwenye friji wataliwa leo, na kwamba mimi sitafungua kompyuta hadi jua lipande.

Wauzaji wa Kariakoo wanakiita pawa stesheni. Sisi tunakiita kisanduku. Ndani yake mna seli 16 za lithiamu zilizoungwa mfululizo, kila moja volti 3.2; mna inveta ya kugeuza umeme wa betri uwe kama ule wa ukutani; mna kidhibiti cha kupokea umeme wa sola; na mna feni ndogo zinazovuma kisanduku kikielemewa. Uzito wake ni kilo 12 na ushee, na kinabeba wati-saa 1,024. Anayenunua LUKU ataielewa hesabu hiyo upesi: ni uniti moja na chembe. Uniti hiyo nyumbani huishia kwenye pasi, katika saa moja ya kunyoosha nguo za wiki. Sisi tukiwa njiani na Noah yetu, iliyong'olewa viti vya nyuma ikatiwa kitanda cha mbao, inatupa taa, friji, feni, simu mbili na kazi yangu ya kuandika, mchana kutwa na usiku kucha, na ya kesho ikabaki.

Kisanduku mwenye fedha hununua. Ujuzi wa kuishi nacho haununuliwi, na huo ndio ninaotaka kuusifu.

Niliuona kwanza kwa mama, wala haukuwa wa umeme. Tulikuwa watu saba na pipa moja, na maji ya mgao yalikuja yalipotaka. Mama hakuwa na haja ya kufunua pipa kujua limebaki na kiasi gani. Alilipiga kwa kifundo cha kidole kuanzia juu kushuka chini, ngo, ngo, ngo, na pale mlio ulipobadilika ukawa mzito, ndipo maji yalipoanzia. Aliteka kwa kata ya kifuu, kata moja moja, na kila kata ilikuwa na kazi mbili: maji yaliyoosha mchele yaliloweka vyombo, yaliyosuuza nguo yalikwenda chooni. Hakuna aliyewahi kumwona akimwaga.

Umeme wa ukutani hauna mlio wa pipa. Unabonyeza swichi, taa inawaka, na mwilini mwako hakuna kinachojua umetumia kiasi gani. Ukiubeba kwenye kisanduku, unapata uzito na kina. Hapo mtu anaanza kujifunza kugonga pipa.

Somo la kwanza lilinigharimu. Safari yetu ya awali kabisa, kwenye ufukwe wa Bagamoyo, nililala na inveta ikiwa imewashwa kwa ajili ya chaja moja ya simu. Simu ilijaa kabla ya saa sita usiku. Inveta haikujua, iliendelea kuamka na kungoja kazi, ikinywa wati 12 hivi bila kumfaidisha mtu. Saa tisa za usingizi zilikula zaidi ya wati-saa 100, sehemu ya kumi ya kisanduku, sawa na kuchaji simu tano. Tangu siku hiyo kitu chochote kinachoweza kula umeme wa betri moja kwa moja tunakichomeka kwenye tundu la volti 12 au la USB. Inveta inawashwa kwa kazi maalumu na kuzimwa kazi ikiisha, kama mtu anavyofunga bomba.

Birika la umeme halipandi gari letu. Kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 kunataka wati-saa 93, hata ukiwa na birika la aina gani, maana hiyo ni haki ya maji yenyewe. Chai ya watu wawili ingekula sehemu ya kumi ya akiba kabla hatujanawa uso. Chai ni kazi ya mtungi mdogo wa gesi. Kuijua kazi isiyo ya umeme ni nusu ya ufundi wote.

Nusu nyingine ni friji, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu friji ndiyo inayomtofautisha fundi na mnunuzi. Yetu ni ya lita 30, ya kufunguliwa kwa juu, na kompresa yake ikiguruma inachukua wati 45. Haigurumi muda wote. Inaguruma, inanyamaza, inasikiliza, inaguruma tena, na urefu wa ule unyamavu unategemea namna unavyoishi nayo. Ukiweka soda za moto saa kumi jioni, itafanya kazi hadi usiku wa manane. Ukiacha nafasi tupu ndani, kila ukifunua, hewa baridi inatoka na joto linaketi mahali pake. Kwa hiyo nafasi tupu tunaijaza chupa za maji zilizokwisha kupoa. Gari likitembea, umeme unapoingia kutoka kwenye injini kupitia tundu la kuwashia sigara, kama wati 100 hivi, friji tunaishusha hadi nyuzi 1. Likiegeshwa jioni tunaipandisha hadi 5. Usiku kompresa inakaa kimya muda mrefu, kwa sababu ubaridi wa barabarani umo bado ndani ya chupa na nyama. Mke wangu ndiye aliyeligundua hili, na aliligundua bila kalamu. Alisema tu, "Baba Neema, baridi nayo inawekwa akiba." Matumizi ya friji yalishuka kutoka wati-saa 500 kwa siku hadi karibu 350, bila kununua chochote.

Nilipokuwa mdogo mjomba wangu wa Ifakara alikuwa na betri ya gari, N70, iliyokuwa ikilisha redio kaseti na taa moja. Kila Jumamosi aliifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira, akaipeleka kuchajiwa, akairudisha jioni akiwa anatembea pembeni ya baiskeli badala ya kuipanda, ili asiimwage. Aliyaosha magome ya kijani kwenye vichwa vya betri kwa maji ya moto, akachungulia kila tundu kuona kama maji ya betri yamezifunika sahani. Aliizima redio nyimbo zikiwa bado tamu. Betri ya risasi na asidi, ambayo Mfaransa Gaston Planté aliibuni mwaka 1859, haipendi kukamuliwa hadi mwisho. Ukizoea kuivusha nusu, inakufa mapema. Mjomba hakumjua Planté. Alijua kwamba sauti ya mwimbaji ikianza kuwa nzito na kuburuta, amekwisha kuchelewa.

Kisanduku changu ni mjukuu wa betri ile, ila moyo wake ni mwingine. Katika miaka ya 1990, kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, John Goodenough na wenzake walionyesha kwamba madini ya chuma na fosfeti yanaweza kupokea na kutoa lithiamu mara kwa mara bila kuchakaa upesi. Mwaka 2019 Goodenough alishiriki Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi yake ya betri za lithiamu, akiwa na umri wa miaka 97, na hakuna aliyewahi kuipokea Nobel akiwa mzee kuliko yeye. Fosfeti inaishika oksijeni yake kwa nguvu, hata betri ikipata joto haiiachii kirahisi kulisha moto. Nalala na kichwa changu mita moja kutoka kwenye kisanduku hicho, na mke wangu vilevile. Kwa hiyo namtaja mzee yule kwa heshima.

Mwishoni mwa Mei tulishuka na barabara ya Mbeya. Kutoka Dar hadi Iringa kisanduku hakikuwa na shida, kwa kuwa foleni ya malori kwenye mlima wa Kitonga ilitupa saa nyingi za injini. Tulifika kwenye baridi ya Iringa kikiwa na 96. Shida ilitusubiri Tukuyu. Mji ule ni miongoni mwa inayonyeshewa sana nchini, na kwa siku tatu ukungu ulikaa juu ya migomba na chai kama blanketi lililolowa. Paneli yetu imeandikwa wati 200. Ilitoa 20, ikatoa 30, ikarudi 15. Basi tukagonga pipa. Feni haikuwa na kazi kwenye baridi ile. Friji tuliizima, maziwa tukayaweka kwenye sufuria chini ya gari na yakakaa vizuri. Niliandika kwa kalamu. Siku ya tatu kioo kilisema 41, na sijawahi kuionea fahari namba yoyote kama niliyoionea hiyo.

Kisha tukateremka hadi Matema, kwenye pembe ya juu ya Ziwa Nyasa, ambako joto linakungoja ufukweni. Hapo nilinunua mtungi wa Wakisi, wale wafinyanzi wa Ikombe ambao vyungu vyao vinavushwa kwa mitumbwi kuja kuuzwa. Maji ya kunywa tukayatoa kwenye friji, tukayatia mtungini, mtungi tukauweka kivulini. Udongo unatoa jasho, jasho linakauka kwa upepo wa ziwa, maji yanapoa. Hesabu yake ya umeme ni sifuri.

Matema ina jambo lake. Milima ya Livingstone imesimama upande wa mashariki kama ukuta, na jua linapochomoza kwa watu wengine, ufukweni bado ni kivuli. Nilikuwa nimeshatandaza paneli asubuhi ile, nimeielekeza kaskazini kidogo kwa kuwa Mei jua limehamia huko, na nimesimamisha msumari juu ya ubao mdogo pembeni yake, ulioinama sawa nayo. Kivuli cha msumari kikiisha, paneli inatazamana na jua ana kwa ana. Lakini jua lilikuwa halijafika, na kioo kilisema wati zinazoingia ni 0.

Mzee mmoja alipanda kutoka majini, suruali imekunjwa hadi magotini, amekumbatia betri ya pikipiki iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Alikuwa ametoka kuvua usipa. Zamani, alisema, ilikuwa karabai, mafuta ya taa na kupiga pampu hadi mkono ufe ganzi. Sasa ana taa tatu za LED na betri ile. Usiku anawasha zote tatu kuwaita samaki. Wakishakusanyika anazima mbili, wanakaribiana chini ya ile moja, na betri inapumzika. Nilimuuliza anajuaje kama itamfikisha alfajiri. Akainua mkono wake mbele ya uso, kiganja kikimtazama. "Naangalia mistari hii. Nikishindwa kuiona, nageuza mtumbwi."

Alitandaza kipaneli chake, kidogo kama sinia, mchangani. Kisha akaitazama yangu kwa muda, akautazama mwembe uliokuwa nyuma yetu.

"Hapo saa nne tawi lile litakufunika."

"Tawi moja tu, mzee?"

"Moja linatosha."

Alikuwa sahihi. Seli za paneli zimeungwa kama watu waliopanga mstari kupokezana ndoo: mmoja akisinzia, ndoo za wote zinachelewa. Nilisogeza paneli hatua sita, karibu na yake, nikausimamisha msumari upya. Tukaketi juu ya ukingo wa mtumbwi. Mwanga ulikuwa unashuka taratibu kutoka kwenye vilele, ukagusa maji mbali, ukaanza kuja juu ya mchanga kama mkeka unaokunjuliwa. Uligusa kipaneli chake kwanza. Kisha yangu: 3. 11. 64. 130.

"Baba Neema!" Sauti ilitoka garini. "Niwashe friji?"

Nilimtazama mzee. Alitikisa kichwa.

"Bado kidogo," nikajibu.