Harusi Ikiisha, Kicheko Kinabaki?

Katika filamu *My Big Fat Greek Wedding* (2002), baba Mgiriki wa Chicago hudai kila neno, hata "kimono" la Kijapani, lina asili ya Kigiriki. Mwaka 2003 kituo cha CBS cha Marekani kiliigeuza kuwa tamthilia ya vichekesho, *My Big Fat Greek Life*. Ikakoma baada ya vipindi 7. Ni kweli John Corbett, aliyeigiza bwana harusi, hakurejea, lakini hilo halitoshi. Madai ya baba yalichekesha kwa kuwa alihofia kumpoteza bintiye kwa mgeni. Mkwe amekwisha kukubaliwa, hofu hiyo haipo. Umebaki mzaha mtupu. Basi tunapofundisha vichekesho, tuwaulize wanafunzi: mhusika huyu anaogopa kupoteza nini?