641: jinsi Euler alivyokipata kigawo cha Fermat

Pierre de Fermat aliamini kwamba 4,294,967,297 ni namba tasa, na hakuamini bure. Chukua 2, ipe kipeo cha 1, 2, 4, 8, kisha 16, na kila mara ongeza 1. Utapata 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote tasa. Kipeo kinachofuata ni 32, na jibu lake ndilo namba hiyo ya tarakimu kumi. Mwaka 1732 Leonhard Euler, akiwa St. Petersburg, alionyesha kwamba inagawanyika kwa 641.

Wengi humsifu Euler hapa kwa wepesi wa kukokotoa. Naona sifa hiyo ni ndogo mno kwake. Anayejaribu namba tasa mojamoja hadi kwenye kipeuo cha pili, karibu na 65,536, ana namba 6,542 mbele yake. Kazi kubwa ilikuwa kuzichuja kabla ya kugawanya.

Tuseme namba tasa t inaigawa namba yetu bila baki. Basi 2 kwa kipeo cha 32 imepungua 1 tu kufikia kigawe cha t, yaani baki yake ni sawa na hasi 1. Izidishe kwa yenyewe: kipeo kinakuwa 64, baki inakuwa 1. Kipeo kidogo kabisa kinachotoa baki 1 lazima kiigawe 64, lakini hakiwezi kuigawa 32. Basi ni 64 yenyewe. Sasa kuna kanuni kwamba 2 kwa kipeo cha t – 1 huacha baki 1 daima. Kwa hiyo t – 1 lazima igawanyike kwa 64. Kanuni hiyo ni ya Fermat mwenyewe, aliyoieleza katika barua mwaka 1640, mwaka uleule alioandika kuhusu namba hizi. Ufunguo alikuwa nao, na kila nikifika hapa namsikitikia.

Hadi 641, namba tasa zinazotimiza sharti hilo ni tano tu: 193, 257, 449, 577 na 641. Nne za kwanza zinaacha baki. Ya tano unaweza kuihakiki kwa kalamu: 2 kwa kipeo cha 16 ni 65,536, na baki yake kwa 641 ni 154. Mara 154 tena, unapata 23,716. Nayo 641 mara 37 ni 23,717. Imepungua 1, na ile 1 ya kuongeza inaliziba pengo. Kigawo kingine, 6,700,417, ni tasa pia.

Mwaka 1878 Édouard Lucas alikaza chujio: t – 1 lazima igawanyike kwa 128. Hapo 193, 449 na 577 zinaanguka. Inabaki 257, ambayo imo katika mfululizo ule wa mwanzo, wa zinazoitwa namba za Fermat, na namba mbili za Fermat hazina kigawo cha shirika zaidi ya 1. Kwa hiyo 641 ndiyo ya kwanza kujaribiwa.