Hongereni Mabingwa wa Ngozi wa Moshi

Mtu mwenye ualbino akiona kidonda kisichopona usoni au shingoni, asipoteze muda kwa dawa za kupaka za dukani. Amtafute anayeijua ngozi na anayejua kuipasua. Kwa hiyo nakipongeza kwa moyo wote Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, RDTC, kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi. Tangu 1992 kimewafunza matabibu na madaktari kutoka nchi nyingi za Afrika. Saratani ya ngozi ikigunduliwa ingali ndogo, mara nyingi huondolewa kwa ganzi ya sehemu tu. Na hapo RDTC ndipo lilipo chimbuko la Kilisun, losheni ya kujikinga na miale ya jua. Kinga na tiba mahali pamoja! Hongereni sana, kazi yenu inaokoa maisha.