Karen, 2021: Ushindi ulikuwa kwenye kutua

Machi 2021 uwanja wa gofu wa Karen jijini Nairobi uliandaa mashindano mawili ya European Tour, moja likifuata jingine. Kenya Open ilichukuliwa na Justin Harding. Savannah Classic ikaenda kwa Daniel van Tonder, aliyemwangusha Jazz Janewattananond wa Thailand kwenye mashimo ya nyongeza. Wote wawili ni Waafrika Kusini, na kila mmoja alimaliza kwa mikwaju 263, yaani 21 chini ya pa kwenye uwanja wa pa 71. Mwaka 2025, safari hii Muthaiga, Kenya Open ilibebwa na Mwafrika Kusini mwingine, Jacques Kruyswijk.

Ukiuliza siri ya ushindi huo, utaambiwa ni hewa, na si uongo. Karen iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi kwa asilimia 16 hivi kuliko ya pwani, kwa hiyo mpira hukutana na upinzani mdogo. Kanuni ya mkononi ni kuongeza asilimia moja na ushee kwa kila mita 300 za mwinuko. Mchezaji wa Mbwawa, Kibaha, ambaye uwanja wake wa jirani ni Lugalo wa Dar es Salaam, kule pwani, akipiga mita 140 kwa fimbo namba 7 pale, Karen atapiga karibu 150. Basi ashuke fimbo moja. Lakini hesabu hiyo kedi yeyote wa Nairobi atakufanyia kabla hujavaa glovu, na jambo linalojulikana na kila mtu halimpi mtu kombe.

Kazi iko kwenye kutua. Mpira uliopigwa vizuri huzunguka kinyumenyume, na mzunguko huo ndio unaouinua. Hewa nyepesi huupunguzia nguvu hiyo: mpira unaruka chini zaidi, unaiingia grini kwa ulalo, halafu unateleza. Mgeni kutoka pwani anashuka fimbo moja kama alivyoambiwa, anauona mpira ukigusa kando ya bendera, anatabasamu, kisha anautazama ukienda kusimama ukingo wa nyuma. Atailaumu hesabu ya umbali, na hesabu ilikuwa sahihi. (Faida moja ipo: hewa hiyo hiyo hupunguza kupinda, kwa hiyo wenye mipigo ya kwenda msituni huonekana mabingwa.)

Dawa ya kawaida ingekuwa kuutua mpira kabla ya grini ukajivute wenyewe. Nyanda za juu haziruhusu hilo kirahisi, kwa sababu ya nyasi za kikuyu, zenye asili ya Afrika Mashariki na zilizopewa jina la Wakikuyu. Mashina yake ni manene na yamesukana. Mpira ukidondokea humo mbele ya grini unanaswa. Ukipungukiwa unanasa, ukizidisha unateleza. Nafasi iliyobaki katikati ni nyembamba, na naamini mashindano yale yalichezwa humo. Kwenye rafu ni kero zaidi: nyasi hushika shingo ya fimbo na kuufunga uso wake, na mpira unatoka bila mzunguko. Shika mpini kwa nguvu, chukua fimbo yenye uso uliolala zaidi, na usione haya kurudi tu kwenye njia.

Waafrika Kusini hukua na nyasi hizi, na Johannesburg iko juu karibu kama Nairobi. Van Tonder anatoka Boksburg, jirani yake. Harding ni wa Stellenbosch, kule chini Cape, ila tayari alikuwa amefungana nafasi ya pili hapo hapo Karen mwaka 2019, mkwaju mmoja nyuma ya Guido Migliozzi. Hoja yangu ina tundu, nakubali: aliyemfuata Harding mwaka 2021, kwa mikwaju miwili, alikuwa Kurt Kitayama wa Marekani.

Kwenye miteremko, kama ya viwanja vilivyo chini ya Mlima Meru, ongeza jambo moja. Kwa mpigaji wa mkono wa kulia, mpira ukiwa juu ya miguu yako utavuta kushoto, hivyo lenga kulia.

Siku ya mazoezi huko juu, usihangaike na mpira umeruka mita ngapi. Piga kadhaa kwenye grini moja, tafuta kishimo kila mmoja ulipotua, kisha hesabu hatua hadi uliposimama. Namba hiyo ndiyo ya kuandika kwenye kadi.