Dramu za Chris Mars zilizikwa bure

Tommy Erdelyi, mzalishaji wa Tim, albamu ya The Replacements ya 1985, hakupaswa kuimiksi kwa hedifoni. Naanza na hilo kwa sababu sisi tulioifikia The Replacements miaka mingi baada ya bendi kuvunjika tuliingilia mlango huo, na wengi tuligeukia kizingitini. Umeambiwa hawa ndio waliowafungulia njia wale waliokuja kutajirika miaka ya 90. Unaiweka albamu, unasikia muziki unaotoka chumba cha pili.

Rudieni wimbo wa Hold My Life katika miksi ya 1985. Chris Mars anaishindilia snea kwa nguvu zote, lakini kinachokufikia ni mwangwi wa pigo, si pigo lenyewe. Kiki haina tumbo. Tommy Stinson, ambaye besi yake ndiyo inayousukuma wimbo, unamtafuta humpati. Gita za Paul Westerberg zimebanwa katikati pamoja na sauti yake. Kushoto na kulia karibu patupu, utadhani mono.

Wapigaji hawana kosa hapo. Masikio ya Erdelyi yalishaumia kwa miaka aliyokaa nyuma ya dramu za Ramones, naye akategemea hedifoni. Kila fundi anajua zinavyodanganya. Besi inakuwa imegandamizwa sikioni, inatosha na kuzidi, basi mkono unaishusha. Ikifika kwenye spika za sebuleni, haipo. Tena sikio la kushoto halipati chochote cha kulia, kwa hiyo gita mbili zikitengwa kidogo tu zinaonekana kuachana mno, na mkono unazirudisha katikati. Spika hukusahihisha. Hedifoni hukukubalia.

Kinachoniuma ni kwamba mtu huyu alijua. Mwaka 1978 yeye na Ed Stasium waliizalisha Road to Ruin ya Ramones: dramu kavu, ziko mbele, besi ya Dee Dee unaifuata noti kwa noti. Miaka saba baadaye mwangwi ulikuwa umeshaziteka studio, na dramu nzuri za muongo mzima zikazamishwa humo. Nimelisema hili kwenye safu hii na nitalisema tena.

Mwaka 2023 ikatoka miksi mpya ya Tim, kazi ya Stasium huyo huyo, kutoka rekodi zile zile za Minneapolis. Hakuna kilichopigwa upya. Snea inagonga kifuani. Besi ya Stinson, kijana aliyekuwa hajafika hata miaka ishirini, inakimbia chini ya Bastards of Young na kuubeba wimbo wote. Left of the Dial imepata hewa, gita zimekaa pande mbili, na Westerberg anaimba akiwa ndani ya bendi badala ya kuning'inia juu yake. Here Comes a Regular ni nzuri kokote. Haina dramu za kuzikwa.

Wapo wanaoitetea miksi ya zamani kwamba ndiyo tabia ya bendi: walevi, wakorofi, wasiojali. Sikubali hata kidogo. Ukorofi uko kwenye upigaji, na miksi ya 1985 ndiyo iliyoupunguza makali.

Mimi nashikilia kanuni moja: aliyerekodi asimiksi. Nevermind ya Nirvana ilizalishwa na Butch Vig, kisha akaletwa Andy Wallace kuimiksi, sikio lisilochoshwa na nyimbo, na matokeo mnayajua. Sire, kampuni kubwa ya kwanza kuwasajili The Replacements, haikutafuta sikio la pili. Tim ikaishia nafasi ya 183 Marekani. Bendi ikavunjika Chicago Julai 1991, Nevermind ikatoka Septemba.

Kwa hiyo mgeni akikuuliza aanzie wapi, mpe ya Stasium. Usimwambie aanze na ile ya 1985 "kwa heshima ya historia". Sisi tulianza nayo, na tulichelewa zaidi.